Doti Niliyoikata Kombo

Siku ya kwanza kazini nilikuta kanga mpya, hazijavaliwa hata mara moja, zimepigiliwa misumari kwenye boriti, nikapiga ukelele kama niliyefiwa. Wallahi sitii chumvi. Nilisimama mlangoni, mkono kichwani, nikauliza, "Jamani, nani kafanya uharibifu huu?"

Msimamizi wa karakana, mzee wa Kihindi ambaye miwani yake ilikuwa haikai machoni ila kwenye kipaji, alinyanyuka taratibu kwenye kiti chake. "Karibu, Bi. Mize," akasema. "Huu si uharibifu. Hii ndiyo kazi uliyokuja kuifanya."

"Kupigilia kanga misumari?"

"Kutundika. Kama misumari huitaki, tafuta njia nyingine. Ndiyo maana tumekuchukua fundi."

Nyinyi vijana mnaoingia leo mmeikuta kazi hii ina jina na ina heshima zake. Wasomi wanaiita sanaa ya usimikaji. Sie pale karakanani, katika nyumba ya ghorofa upande wa Malindi, karibu na bandari, tulikuwa tukiyaita matundiko, basi. Unachukua nguo, kamba, nyavu, chochote kilichofumwa au kusokotwa, unakitundika mahali ambapo watu watapita katikati yake, nacho kiseme lile jambo ambalo watu hawalisemi. Mie nilitokea Mbweni, hotelini, nilikokuwa nikishona mapazia na foronya. Nilirudi nyumbani jioni ile nikamwambia mwanangu Raya, ambaye alikuwa bado msichana wa skuli, "Mama, leo nimeajiriwa na vichaa." Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Raya ndiye mtoto wangu pekee, baba yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na kicheko chake ndicho kilichokuwa redio ya nyumba yetu.

Msimamizi alinifundisha kwamba nguo iliyotundikwa ni mzigo. Hewa ya Mji Mkongwe ina chumvi. Msumari ukikaa kidogo unashika kutu, na kutu ikishaingia kwenye pamba haitoki hata ufanyeje. Kwa hiyo nikaja na kipito: unakunja ukingo wa nguo, unapiga mshono, unabaki mfereji wa kupitishia kamba. Kamba yenyewe tuliitaka ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Makumbi hufukiwa kwenye tope la pwani mpaka yakaoza, kisha wanawake huyafukua, wakayaponda, wakasokota nyuzi kwa viganja. Kamba ya usumba inaishika nguo. Ya nailoni inateleza, na kanga ikiteleza inajikusanya upande mmoja kama mtu aliyenuna. Msimamizi alipoona kipito cha kwanza kinavyokaa, alishusha miwani machoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akasema, "Haya, misumari tutamrudishia mwenye duka."

Na kanga yenyewe uijue kabla hujaitundika. Ina pindo, ule mpaka wa rangi unaoizunguka pande zote. Ina mji, uwanja wa katikati. Ina jina, yale maneno ya chini. Na haiuzwi moja. Inauzwa doti, kanga mbili zilizoshikana, sawasawa kwa kila kitu, unazikata mwenyewe nyumbani ukazipinda. Mwanamke hupenda kuvaa moja na kujitanda nyingine, au akampa mama yake, dada yake, shoga yake, ili mtu akiwaona ajue hawa ni kitu kimoja. Hilo la doti mlikumbuke.

Msimamizi alipostaafu akaja Mratibu, mwanamke wa Makunduchi, mdogo kwangu, aliyekwenda kuyasoma mambo haya nje akarudi. Nikadhani ataingia na makelele. Kumbe alikuwa akisema polepole mpaka mtu unasogeza kiti umsikie. Amri yake ya kwanza iliniacha mdomo wazi.

"Bi. Mize, jitayarishe. Unakwenda Paje."

"Kushona nini?"

"Kusikiliza."

Ati kusikiliza! Nikajiuliza, hiyo nayo kazi, mtu ukapandishwa gari? Nikaenda. Nikakaa na wanawake wakulima wa mwani, nikashuka nao maji yakitoka, nikafunga mwani kwenye kamba kwa taitai, vile vijikamba vifupi vya kufungia mche mmojammoja. Mie niliyejiona fundi, kiuno kilinikatika kabla sijamaliza kamba moja. Wao wanainama hivyo miaka. Mwenyeji wangu alinionesha kamba zake zilizokatika, akanionesha na zilizozikata: mbao za wale wageni wanaovutwa na tiara kubwa juu ya maji.

"Wao wanacheza, sie tunalima, na bahari ni hii hii moja," akaniambia. "Tena mwenye hoteli kamtuma mtu, ati tusianike mwani mchangani. Unanuka."

"Mkasemaje?"

"Tukasema nini, Bi. Mize? Tukahamisha."

Alisema vile bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonishtua. Mtu anaondoshwa kwao naye anakuhadithia kama anayekwambia jana kulinyesha. Tulizikusanya kamba mbovu zote, na taitai zake na vipande vya mwani vilivyokaukia humo, tukazitundika ukumbini mjini chini kabisa, hata mtu hapiti ila ainame, na akishainama hawezi kunyooka mpaka afike upande wa pili. Siku ya ufunguzi bwana mmoja wa koti na tai alitoka humo kashika kiuno, amekasirika. "Hizi kamba zinanuka!"

Mratibu akamjibu kwa ile sauti yake ya chini. "Naam, zinanuka. Ndivyo alivyosema na mwenye hoteli."

Yule bwana akakiachia kiuno. Akatazama nyuma alikotoka. Mie nilipigwa na butwaa, maana sikupata kuona kamba mbovu zikimfunga mdomo mtu mzima mwenye cheo. Toka siku hiyo sikusema tena kwamba nimeajiriwa na vichaa.

Sasa nifike kwenye kazi ambayo watu huniuliza. Mratibu alinikalisha behewani, pale uwanja wa ndani wa nyumba, akaniambia tunataka kutundika kanga kutoka ghorofa ya juu mpaka chini. Kila mwanamke aliyepigwa na mume wake alete kanga aliyokuwa kavaa siku ile.

"Toba!" nikasema. "Mwanangu, hapa Unguja? Mambo ya chumbani? Hatoleta mtu."

"Asiyetaka asilete."

"Na atakayeleta si atajulikana?"

"Hatojulikana. Mwenye nguo haulizwi. Hilo ndilo sharti, na weye ndiye utakayelishika, kwa sababu weye ndiye watakayekuamini."

Tukaweka pakacha kubwa ndani ya daka, ile nafasi ya kuingilia nyuma ya mlango, mahali ambapo mwanamke aliyejifunika anaweza kuingia, akatia kifurushi chake, akatoka, asionekane hata na sie. Mie nikazunguka kutangaza. Maulidini, harusini, matangani, kote nilikoalikwa. Niliwaambia wanawake, nikaapa mbele yao kwa jina la Mola wangu: hutoulizwa jina, hutoulizwa mume, na nguo yako haitoulizwa kitu.

Mwanzo pakacha lilikaa tupu, nikamwambia Mratibu, "Si nilikwambia?" Kisha asubuhi moja nikakuta kifurushi. Kesho yake vikawa kadhaa. Baadaye, jamani, pakacha likawa halitoshi, tukaleta jingine. Nilikuwa nikivifungua mezani na kila nikifungua nasema lahaula. Kanga zimechanika kutoka pindo mpaka pindo. Kanga ina alama ya pasi ya moto, pasi nzima, na ncha yake. Nyingine zina madoa, na nilipotaka kuzifua Mratibu akanishika mkono, "Usifue, Bi. Mize." Kilichonitisha zaidi ni kwamba niliwaza, hawa wote nawajua. Mji huu si mkubwa. Hawa ndio ninaokaa nao mkeka mmoja harusini, tunacheka.

Kwa kazi ya kamba nikamleta mkwe wangu. Raya alikuwa keshaolewa, na mume wake, Makame, alikuwa mnyapara wa wachukuzi bandarini, kijana mwenye nguvu zake, hakuna fundo asilolijua. Nilimpendekeza mwenyewe kwa Mratibu, tena kwa majivuno. Na nisijivune kwa nini? Mkwe gani yule! Ijumaa haipiti bila samaki kuletwa mlangoni kwangu. Nikionekana na kikapu, keshakipokea. "Shikamoo mama," kichwa kakiinamisha. Majirani walikuwa wakiniambia, Bi. Mize, mwenzetu umepata mtoto wa kiume ukubwani, nami nikijibu alhamdulillahi. Raya mwenyewe alikuwa kapunguza kicheko. Nikasema ndio utu uzima huo, mke wa mtu hawezi kucheka kama mtoto wa skuli.

Asubuhi moja nilikuwa napiga vipito. Nikachukua kanga yenye pindo jekundu na mji mweupe, jina lake HONGERA MWANANGU. Haikunishtua, kanga ya jina hilo ipo kila nyumba. Kilichonigusa ni kwamba ilikuwa mpya, bado ina udi. Nikasema moyoni, masikini, huyu kaanza kupigwa hata kanga za harusi hazijaingia maji. Nikakunja ukingo, nikaitia kwenye cherehani, cherehani ikagoma. Pale konani nguo ilikuwa nene kuliko inavyopaswa. Nikaitoa nikaitazama.

Ilikuwa imepindwa kwa uzi wa kijani.

Niwarudishe nyuma kidogo. Wiki ya harusi ya Raya nilinunua doti ya HONGERA MWANANGU, moja yake, moja yangu. Niliikata juu ya kitanda, nyumba imejaa wanawake, huyu ananiita, yule anauliza mchele, na mie huku machozi huku mdomo haufungi. Mkasi ukaenda kombo. Mie, fundi wa miaka yote ile! Ulikata kona ya pindo la kanga yangu ukaipeleka kwenye ya Raya, kipande cha pembe tatu kama sambusa. Yangu ikabaki na pengo, yake ikawa na pindo mara mbili kona moja. Raya alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, umejiibia mwenyewe!" Nikamwambia, "Basi chukua na hilo, upate kwenda na mie." Uzi mwekundu ulikuwa umekwisha, nikazipinda zote mbili kwa wa kijani uliokuwapo.

Kanga za jina lile zimejaa madukani. Yenye sambusa ya pindo konani na uzi wa kijani ni moja tu, na mwenzake ilikuwa kabatini kwangu.

Namwona Mratibu akisema kitu, mdomo unakwenda, sauti siipati. Akaja akanishika bega. "Bi. Mize, nini? Sindano?"

"Sindano," nikamjibu.

Nikachukua simu. Nikatafuta jina la Raya, nikalitazama, nikaiweka simu mezani. Mtaniambia, mama gani wewe, si ungekimbia? Nilitaka kukimbia. Lakini kanga zile zote juu ya meza zilikuwa zimekuja kwa kiapo changu. Nikimuuliza mmoja kwa sababu ni mwanangu, nimewauliza wote, na kesho mji mzima ungejua kwamba Bi. Mize anazisoma nguo na anawajua wenyewe. Tena niliogopa jambo jingine. Nikimpigia simu, naye Makame kakaa karibu yake, itakuwaje? Mwanamke anayetia kanga yake nyuma ya mlango na kuondoka kimyakimya ana sababu yake, na sababu yenyewe huenda imekaa naye kitandani. Nikakaa na moto wangu kifuani mpaka adhuhuri, na hata sala sijui niliisali vipi.

Alasiri akaja Makame na kamba begani.

"Shikamoo mama."

Niliinamisha macho kwenye cherehani. "Marahaba, baba."

"Mbona huna raha leo? Presha hiyo?"

"Joto."

Akapanda ngazi. Utaratibu wetu ulikuwa mie nasimama chini, naishika ngazi kwa mkono mmoja, kwa mwingine nampelekea kanga moja baada ya nyingine, naye anapitisha kamba kwenye kipito anafunga kwenye boriti. Nikampa ya kwanza, nikampa na nyingine. Ikafika ile, ambayo kipito chake nilikuwa nimekimalizia kwa mkono. Ningeweza kuiruka, niseme hii bado haijashonwa. Sikuiruka. Nilitaka kuona kama ataijua.

Aliipokea. Akapitisha kamba, akaikaza kwa meno, akafunga fundo lake zuri. Kisha akaikunjua ianguke, akasoma jina lake kwa sauti. "Hongera mwanangu." Akatikisa kichwa. "Dah, masikini. Mama, wanaume wa namna hii wanatutia aibu sie wengine."

Lo! Nilimtazama kutoka chini. Hakuwa akijificha, hakuwa akinidhihaki, alikuwa akisema kweli yake! Mikono ile ile inayoniletea samaki, ile ile iliyofanya iliyoyafanya, imeitundika kanga ya mke wake na mwenyewe hana habari, na anawasikitikia wanaume wengine. Hata leo nikiikumbuka sauti yake ile ya huruma ndiyo inayonitisha kuliko ningelimwona kakasirika.

"Naam, baba," nikasema. "Shuka taratibu." Na mie ndiye niliyeishika ngazi.

Alipoondoka nikamfuata Mratibu, nikamwambia kila kitu, nikalia. Hakunikatiza. Mwisho nikamuuliza, "Nifanye nini? Sharti ni lako, na kiapo ni changu. Mwenye nguo haulizwi."

Akasema, "Haulizwi, kweli. Lakini hatukusema kwamba hajibiwi."

Nikaelewa. Nilikwenda nyumbani nikafungua kabati, nikaitoa kanga yangu yenye pengo. Asubuhi nikaomba ile ishushwe. Nikafumua pindo zote mbili pale nilipokata, nikaziweka mezani ukingo kwa ukingo. Ile sambusa iliingia kwenye pengo lake kama haijatoka. Nikashona kwa mkono, uzi wa kijani mpya, mshono wa wazi usiojificha, nikafuata kombo langu lote mpaka mwisho. Ikarudi doti. Safari hii tuliitundika mie na Mratibu, na fundo nililifunga mwenyewe, baya lakini gumu.

Siku ya ufunguzi behewa lilijaa. Kanga zilishuka kutoka juu, safu kwa safu, upepo ukiingia mlangoni zinatikisika kidogo, na watu wakipita katikati zinawagusa mabegani. Mzee mmoja alivua kofia, akaivaa, akaivua tena, hajui aifanyeje. Makame alikuja na kanzu yake ya sikukuu, kafurahi, anawaonesha rafiki zake mafundo yake. Raya alikuwa nyuma yake.

Nilimwona anavyotafuta. Alipita safu ya kwanza kainua macho, akapita ya pili. Akaifikia. Akasimama. Mie nilikuwa upande wa pili wa ile doti, namwona kwa pembeni. Aliinua mkono wake taratibu, akaigusa ile kona ya pindo. Kidole chake kikafuata mshono wa kijani.

Makame akatokea. "Mama, hii mbona mbili? Mie nilifunga moja."

"Ni doti, baba," nikamwambia. "Mwenzake ilikuwa kwangu."

Akaitazama kanga. Akamtazama Raya. Akanitazama mie, nami sikuyaondoa macho. Uso ulimsawijika pale pale. Kisha akasema kwa sauti ndogo, laini, ambayo mie sijapata kuisikia kwake, lakini niliona Raya anaijua.

"Raya. Twende nyumbani."

Raya hakugeuka. Mkono wake ulikuwa bado juu ya pindo. "Mie nshafika," akasema.

Hakuna aliyeitwa, hakuna aliyeambiwa. Lakini wanawake waliokuwa karibu walisogea. Mmoja akaja akasimama kuliani kwake, mwingine nyuma, mwingine mwenye mtoto mgongoni akaingia kati yake na Makame kama anayetazama kanga tu. Sikuwauliza ni nani kati yao mwenye nguo mle ndani, na sitouliza. Makame alisimama, akaona macho yote yale, akarekebisha kofia yake, akatoka. Rafiki zake hawakumfuata.

Yaliyofuata yalikuwa marefu, na yalikwenda kwa sheha wa mtaa, yakaenda kwa kadhi, na talaka ilitoka. Jamaa walinijia juu. Niliambiwa nimemwanika mwanangu ukutani, nimemvunjia nyumba yake, kijana mzuri vile, mpenda wakwe. Mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Kwani alikufa?" Ndiyo hapo tulipo, kwamba mpaka afe ndiyo iwe neno. Siku hizi samaki wa Ijumaa namnunua mwenyewe, na wengi wa wale majirani wanapita bila kugonga.

Nimestaafu sasa. Macho hayaoni tena tundu la sindano, na Mratibu ananiletea salamu na vijana wake, ndio nyinyi, mje niwaoneshe kipito. Nimewaonesha. Msitumie nailoni. Msifue kitu mlicholetewa hakijafuliwa. Na mkipelekwa mahali kusikiliza, msifanye dharau niliyoifanya mie, maana nilikaa Paje nikawasikia wanawake wa watu, na mtoto aliyekuwa akija kwangu kila Jumapili sikumsikia. Hilo bado sijalimaliza kulishangaa.

Kanga ziliposhushwa ziliwekwa tena pakachani, nyuma ya mlango, na wenyewe wakazichukua vile vile walivyozileta. Ile doti ipo kwetu. Hatukuikata. Raya anafanya kazi kwenye duka la dawa, anarudi jioni, na kicheko kinarudi kidogo kidogo, siku kipo siku hakipo.

Juzi tulikuwa tunaianua ile doti, kila mmoja kashika pembe zake. Nikaona sasa mie si mfanyakazi tena, na kiapo cha kazi nimekimaliza. Nikauliza lile lililonikaa rohoni toka asubuhi ile ya cherehani.

"Raya. Siku ile alipokupiga, ulikuwa umeivaa hii? Maana ilikuwa mpya. Ilikuwa bado ina udi."

Akatikisa kichwa. "Sijapata kuivaa hata siku moja, Mama. Nilikuwa naiwekea heshima, isichakae."

"Sharti si lilikuwa kanga ya siku ile?"

"Za siku zile zilikuwapo. Nyingi."

"Sasa mbona ukaleta hii?"

Akaja na pembe zake, akaziweka juu ya pembe zangu, kama tulivyokuwa tukikunja toka alipokuwa mdogo.

"Ningeleta nyingine," akasema, "ungenijuaje?"